Karibuni Nyote, Ila Njooni na Ekstensheni

Mtu akikuambia ana shughuli ya kujitolea, shika mfuko wako kwanza, halafu ndiyo umsikilize. Hapa Dar es Salaam kujitolea huanza na kundi la WhatsApp. Kundi huzaa kamati, kamati huzaa michango, na michango huzaa yule mtu asiyekosekana popote, ambaye hajachanga hata shilingi lakini ndiye anayeuliza kuku watakuwa wa kienyeji au wa kisasa. Mimi niliingizwa kundini usiku, nimelala, na mpwa wangu anayeandika programu za kompyuta. Kulipokucha nilikuwa katibu. Nikamuuliza kwa nini mimi, mtu ambaye kompyuta ikiganda huchomoa waya ukutani. Akajibu, "Mjomba, si unaandika magazetini?"

Lengo lilikuwa kukusanya watu Jumamosi, katika ukumbi wa ghorofani pale Sinza, wachangie programu huria. Kwa ambaye hajazisikia, hizi ni programu ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi: yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Linux ni mojawapo. Aliianza mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, mwaka 1991, na leo ndiyo kiini cha kila simu ya Android, ikiwemo hiyo unayoifichia chini ya meza kwenye kikao. VLC unayochezea muvi zilizotiwa maneno na madijei ni mojawapo pia. Wala si mambo ya Wazungu peke yao. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzipanga kwenye ramani, ilizaliwa Kenya mwanzoni mwa 2008, katikati ya vurugu za baada ya uchaguzi, na miaka miwili baadaye ilikuwa ikitumika Haiti baada ya tetemeko. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, wakati wengine wetu tulikuwa bado tunalipia intaneti kafe kwa dakika.

Kwa hiyo nieleweke. Na programu huria sina ugomvi. Wenye ugomvi nami ni wale wanaozikaribishia watu.

Kamati yetu ilikuwa na kambi mbili. Ya kwanza ni ya mwenyekiti, mzee wa heshima zake aliyekomaa kwenye kamati za harusi. Kwake yeye shughuli isiyo na mgeni rasmi ni kikao cha wadaiwa. Alitaka bango, MC, zulia, risala na vyeti. Kambi ya pili ni ya wataalamu, chini ya kijana tunayemwita Injinia, ambaye ukimuuliza swali jepesi hukurudishia swali gumu. Injinia hakuona haja ya zulia. Alitaka waje wanaojua, wakae, wafanye kazi, waondoke. Lakini wafadhili wa chai walishasema shughuli iwe ya watu wa kila aina ya ujuzi, na chai ni chai. Basi akanitumia maneno ya tangazo. Mstari wa kwanza ulisema: "Karibuni wote, ujuzi wowote!" Mstari wa pili: "Uje na laptopu yenye Git, Docker na Node, matoleo mapya."

Nikampigia simu. "Injinia, hiyo Docker inapatikana duka gani la dawa?"

Akacheka, akidhani natania.

Huu ndio ugonjwa wao. Mlango wanakufungulia kwa mikono miwili, ila wameuweka ghorofa ya tatu na ngazi wameiondoa. Na hasara ni ya kwao. Mpwa wangu alinionesha utafiti uliofanywa na GitHub mwaka 2017, na GitHub ndiko miradi mingi ya programu huria inakotunzwa. Asilimia 93 ya walioulizwa walisema wamekutana na maelezo ya matumizi yaliyopungua au kupitwa na wakati. Hapohapo asilimia 60 ya wachangiaji wakakiri kwamba wao wenyewe hawaandiki maelezo hayo, au huandika kwa nadra mno. Na asilimia 95 ya waliojibu walikuwa wanaume. Niliposikia hivyo nikaelewa kila kitu. Hawa ni wale wale wasiosoma karatasi ya kuunganisha kitanda, wakabakiwa na skrubu nne mkononi na kusema kiwandani wamezidisha. Sasa wasiosoma maelekezo ndio tuwategemee kuyaandika?

Kwa hoja hiyo nilishinda kikao, jambo ambalo halitokei mara nyingi kwa katibu. Tukaalika mhasibu wa saccos moja, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nesi, mwanafunzi wa sanaa na konda wa daladala anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Waliobaki walijialika wenyewe.

Siku ilipofika, ratiba ilisema tunaanza saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa nne na nusu na kuomba radhi kwa ajili ya foleni, foleni ambayo sisi wengine tulikuwa tumeiwahi tangu alfajiri. Akapanda jukwaani, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kwa kumtaja mmoja mmoja. Akazungumzia mapinduzi ya kidijitali hadi simu yake ilipoita. Nikatazama ukumbini. Watu waliokuja kusaidia walikuwa wamekaa kwa mistari, wamefunga laptopu, wanapiga makofi. Kama kuna njia bora ya kumfanya mtu mwenye mikono miwili mizima ajione hana kazi, sijaiona.

Mgeni rasmi alipoondoka na msafara wake, ukaja umeme. Namaanisha suala la umeme, kwa sababu umeme wenyewe ulikuwepo. Ila soketi zote zilikuwa ukuta mmoja, ule wa nyuma ya jukwaa, chini ya bango. Ukumbi mzima ukahamia jukwaani kama abiria wa pantoni wanaokimbilia mlango. Mtu wa maana kupita wote siku hiyo, kumzidi hata mgeni rasmi, alikuwa dada mmoja aliyetoa ekstensheni mbili kwenye mkoba. Hakuna aliyemuuliza anajua lugha gani ya kompyuta. Alipewa kiti, soda na utiifu.

Halafu ikaja kazi ya kusakinisha. Jamani, kusakinisha! Ukitaka kumfukuza mgeni bila kumtukana, mwambie asakinishe. Meza ya waandishi wa programu ilikuwa na watu kama thelathini, kila mmoja anapaswa kushusha mafaili ya gigabaiti kadhaa, wote kwenye waifai moja ambayo kwa kawaida humtosha mlinzi kuangalia mpira. Mpwa wangu alikuwa amesihi tangu vikao vya kwanza kwamba kila kitu kiwekwe kwenye flashi, na kwamba jioni ya siku iliyotangulia pawe na saa mbili za kufunga programu tu, kwa raha, na chai pembeni, ili kesho yake watu waje kufanya kazi. Walioendesha mikutano ya namna hii wanaijua mbinu hiyo. Kamati ikajibu kwamba bajeti ya flashi imekwenda kwenye zulia. Hadi wali unaletwa, robo tatu ya meza ile ilikuwa bado inatazama mstari mwembamba wa buluu ukisogea kuelekea kulia, na kijana mmoja alikuwa amefika asilimia 99 kisha bando likakata. Sura yake niliwahi kuiona kwenye penalti tu.

Lakini hilo la waifai ni la vyombo. La watu lilikuwa baya zaidi.

Yule mhasibu alikaa kwenye meza ya Injinia kwa sababu palikuwa na feni. Akauliza kwa adabu Git ni nini. Injinia akageuka na kiti chake, macho kodo. "Dada, hujui Git?" Akamgeukia jirani: "Hajui Git!" Mwanamke huyu anafunga mahesabu ya wanachama wote wa saccos bila senti kupotea, na sasa ameketi kimya, anakunja ncha ya mtandio. Git, msomaji, ni chombo cha kuweka kumbukumbu za nani amebadilisha nini na lini. Huyo huyo Torvalds alikitengeneza mwaka 2005. Kwa mhasibu ni jambo la kueleza kwa sentensi moja tu, maana maisha yake yote ni hayo hayo, kuuliza nani amebadilisha nini na lini. Kule New York kuna mahali panapoitwa Recurse Center, ambako waandishi wa programu hukutana kujinoa, na wamejiwekea kanuni kwamba ni marufuku kujifanya kumshangaa mtu asiyejua kitu. Waliiandika kabisa. Maana yake na wao wana akina Injinia wao.

Upande wa pili wa meza, kijana mwenye kofia alikuwa anamsaidia mwalimu mstaafu. Alianza vizuri sana. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu." Kabla mwanangu halijaisha mdomoni, mausi imekwisha kupokonywa. "Ngoja nikuoneshe, mwalimu." Tak, tak, tak, madirisha manne yakafunguka, mawili yakafungika, kioo kikawa cheusi kikajaa maandishi meupe. "Umeona?" Mwalimu akasema ameona. Ni kweli alikuwa ameona, vile mtu anavyoona treni ikipita.

Hapo nikatumia mamlaka ya ukatibu kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nikachukua kipaza sauti cha MC nikatangaza kwamba kuanzia sasa msaidizi yeyote atatembea mikono mgongoni. Aruhusiwe kuelekeza kwa mdomo, kuuliza swali, na akizidiwa kabisa, kunyoosha kidole. Kugusa kibodi au mausi ya mgeni, hapana. Walilalamika. Injinia alisema hivyo itachukua muda mrefu. Nikamwambia muda tunao, maana hata hicho anachokisakinisha yeye hakijafika nusu. Ndani ya robo saa ukumbi ulibadilika sauti. Badala ya tak-tak ya mtu mmoja ukaanza kusikia, "Nibonyeze wapi? Hapa? Ehe, kimekubali!" Mikono mgongoni ni ngumu kwao kuliko programu yoyote waliyowahi kuandika. Mmoja niliona amejishika kiganja kwa nguvu kama aliyezuiwa kujikuna.

Meza ya ramani haikuwa na shida yoyote, na kwa sababu hiyo kamati haikuipita hata mara moja kuitazama. OpenStreetMap ni ramani ya dunia inayochorwa na wananchi, ilianzia Uingereza mwaka 2004, na raha yake ni kwamba kihariri chake hufunguka ndani ya kivinjari, huhitaji kusakinisha chochote. Dar es Salaam ina historia nayo. Tandale ilichorwa namna hiyo 2011, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatembeza wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi katika kata zinazofurika, wakiandika mitaro, nyumba na mahali maji yanapofika. Hapo ndipo nilipomkalisha konda wangu.

Picha za setilaiti zinaonesha mabati. Hazisemi bati lipi ni zahanati, lipi ni kanisa na lipi ni nyumba ya mtu anayefuga mbwa mkali. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa naye alitaka kurahisisha mambo, afungue ramani ya kampuni nyingine pembeni anakili majina. Msimamizi wa meza akamkataza: leseni hairuhusu kunakili, unaandika unachokijua mwenyewe au ulichokwenda kukiona. Konda akanyoosha mgongo. "Mimi sinakili," akasema. "Mimi nashusha watu hapo kila siku." Akaanza. Hiki ni kichochoro, gari haipiti, pikipiki inapita. Hili ni daraja la miti, likivunjika tunazunguka huku. Hapa mvua za masika zikikolea, hata sisi tunageuza. Mwanafunzi alikuwa anabofya, akimwomba apunguze kasi. Jioni ilipofika, konda ndiye alikuwa anabofya na mwanafunzi anauliza. Sikusikia mtu akimuuliza kiwango chake cha elimu, na yeye hakumuuliza mtu nauli.

Ila wengine waliuliza, na hapa nitawatetea. Swali la "nauli ipo?" liliwaudhi wataalamu. Walisema moyo wa kujitolea umekufa nchini. Kwanza, haujafa nchini peke yake. Hacktoberfest, hekaheka ya kila Oktoba iliyoanzishwa na DigitalOcean mwaka 2014, iliwahi kuahidi fulana kwa mtu atakayewasilisha marekebisho manne. Mwaka 2020 watu wakamiminika kuongeza neno moja lisilo na maana kwenye miradi ya wenzao ili wapate fulana, hadi watunzaji wa programu wakapiga kelele na waandalizi wakabadili kanuni mwezi huohuo, ikawa mradi usiojiandikisha hauhesabiwi. Hao walipigania fulana. Sasa kijana wa Chanika anayepanda magari mawili kuja na mawili kurudi, akikuulizia nauli, ni tamaa hiyo? Shughuli isiyorudisha nauli imewakaribisha wenye magari. Posho ya kukaa kitako, hiyo nakataa, na nilimkatalia mwenyekiti uso kwa uso.

Mwalimu mstaafu tulimhamishia kwenye meza ya sauti. Kuna mradi wa Mozilla unaoitwa Common Voice, ulioanza 2017, wa kukusanya sauti za watu wakisoma sentensi fupi, ili hata mtu asiye na fedha za kununua data aweze kufundisha kompyuta isikie lugha yake. Kiswahili kimo. Mmoja anasoma, wengine wanasikiliza na kupiga kura kama amesoma kilichoandikwa, na sauti ikipata kura mbili za ndiyo inapita. Kwa kuwa MC hakukubali kunyamaza, tulimfungia mwalimu kwenye stoo ya viti. Alisoma vizuri mno. Shida ilikuja kwenye kupiga kura, kwa sababu alianza kuwafelisha watu. Huyu kavuta sana, huyu hana ghaini, huyu katoka wapi? Msimamizi akamweleza kwa unyenyekevu kwamba lafudhi si kosa hapa. Mtu wa Lubumbashi, wa Mombasa na wa Lushoto wote wana haki ya kueleweka na simu zao, na kompyuta iliyosikia sauti za Ilala peke yake itakuwa kiziwi pote kwingine. Mwalimu alitafakari. Akakubali, ila akaomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba amekubali kwa shingo upande. Niliandika. Ndiyo kazi ya katibu.

Nesi aligundua kwamba DHIS2, mfumo anaoingizia takwimu za kituo chake, ni programu huria iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, na kwamba amekuwa mtu wa programu huria miaka yote bila kupewa hata cheti. Mwenyekiti akampa viwili. Mama mmoja alikuja na mtoto kwa sababu Jumamosi hana wa kumwachia. Hakuna kambi iliyokuwa imemfikiria, na mtoto alikaa na mwanafunzi wa sanaa wakichora nembo za programu hadi jioni. Wali ulitosha. Kuku walikuwa wa kisasa.

Ila ninayetaka kumalizia ni mhasibu. Baada ya lile la Git alikuwa ameshika mkoba kuondoka. Mpwa wangu akamwahi mlangoni, akamwomba jambo dogo: kuna programu ya kutunza hesabu, huu hapa ukurasa wa maelekezo, fuata hatua kwa hatua, ukikwama sema umekwama wapi. Mhasibu akarudi akakaa. Hatua ya tatu akainua mkono. "Hapa pamerukwa kitu. Kabla ya kufungua mwaka mpya hamjafunga wa zamani." Wataalamu wakasogea. Wakasoma. Wakatazamana. Walikuwa wameupita ukurasa huo mara kibao bila kuona kitu, kwa sababu anayejua njia haoni kibao kilichoanguka.

Taarifa nzuri ya kasoro ina mambo matatu: nilifanya nini, nilitegemea nini, nikapata nini. Wataalamu huwabembeleza watu miaka waandike hivyo. Mhasibu hakubembelezwa. Aliziandika kasoro zake kama hoja za ukaguzi, zenye namba, kiambatisho, na mstari wa mwisho unaosema "Menejimenti inatakiwa kutoa maelezo." Alipomaliza alikuwa na hoja kumi na saba. Injinia alizituma kwa watunzaji wa programu huku akipiga mluzi wa chini chini, na sikumsikia tena akimshangaa mtu siku ile.

Tangu hapo hatulali. Mtunzaji wa programu ile, ambaye yuko Ujerumani, alijibu hoja nne za kwanza kwa shukrani nyingi, kisha akanyamaza. Mhasibu akaanza kuandika kwenye kundi saa tano usiku akiulizia majibu ya hoja namba tano. Kisha namba tano na sita. Kisha akataka jina kamili la mhusika na cheo chake. Injinia akamweleza kwa upole ambao sikujua anao kwamba yule naye anajitolea, ana ajira yake mchana na watoto wadogo jioni, hakuna anayemlipa.

"Basi mwambieni aje Jumamosi ijayo tukae meza moja," mhasibu akajibu. "Nauli nitamtumia."